Kidagaa Kina Saa Zake

(Mazungumzo kuhusu anwani ya riwaya Kidagaa Kimemwozea, niliyotoa Kisumu mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa vitabu. Nimeyaandika kutoka kwenye daftari langu, karibu kama nilivyoyasema.)

Walimu wenzangu, wanafunzi wangu, akina mama mliotoka ufuoni mkaja moja kwa moja na vikapu vyenu, wazee wetu, mabibi na mabwana, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini. Nitazitumia thelathini na tano, na tano za mwisho nimemwekea mtu mwingine.

Mniwie radhi kwa harufu. Leo asubuhi nilipitia ufuo wa Dunga nikachukua omena, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mafungu mawili, nikayafunga kwenye karatasi za gazeti. Haya hapa mezani. Hili la kwanza ninalifungua. Waliokaa mbele wanaona: wamekauka sawasawa, wanang'aa kama bati jipya, na ukimshika mmoja ukamkunja anavunjika mara moja. Harufu yao ni ya ziwa na jua. Fungu hili la pili sikuliuziwa, nilipewa tu. Mama aliyenipa aliniuliza, "Mwalimu, unafuga kuku?" Hawa walinyeshewa juzi. Weupe umetoka, wamekuwa rangi ya chai iliyopoa, matumbo yamepasuka, wameshikana bonge moja. Nimelifungua kidogo tu na sasa ninalifunga tena.

Nimekuja na mafungu haya kwa sababu nimeombwa nieleze anwani ya riwaya ambayo wengi wenu mliisoma mkiwa sekondari, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kabla ya riwaya ya Chozi la Heri kushika zamu. Walibora alikuwa mtu wa upande wetu huu wa magharibi, mzaliwa wa Bungoma. Alikwisha kutupa Siku Njema mwaka 1996, ile riwaya ya kijana anayetoka Tanga akafunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta baba yake. Tulimpoteza Aprili 2020, jijini Nairobi. Mimi sikupata kuzungumza naye ana kwa ana, na ni jambo ambalo bado linaniuma, kwa sababu nilikuwa na swali la kumuuliza kuhusu anwani hii. Swali hilo nitalijibu mwenyewe leo, kadiri ya uwezo wangu.

Jibu la darasani sote tunalijua. Kidagaa kumwozea mtu ni mambo kumharibikia, ni kuaibika, siri kufichuka. Ukiliandika hivyo na ukatoa mifano ya wahusika wawili, Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu, alama unapata. Jibu hilo nimelifundisha miaka mingi na si la uongo. Lakini kama maana ni hiyo tu, mwandishi angeandika "Mambo Yamemharibikia" akaendelea na kazi yake. Kwa nini samaki? Na kwa nini samaki mdogo kuliko wote?

Hapa ndipo ninaposema hakuna mji wa Kenya wenye haki ya kuijadili anwani hii kuuzidi Kisumu. Pwani wana dagaa wao wa bahari, lakini dagaa wa ziwa letu ndiye huyu omena. Watanzania ng'ambo humwita dagaa, Waganda humwita mukene, sisi omena. Ziwa moja, samaki mmoja, majina matatu. Mwanafunzi wa mjini anayemjua omena akiwa tayari sahanini, na nyanya na kitunguu, hawezi kuijua anwani hii kama anavyoijua mtoto wa ufuoni, wa Usenge au wa Mbita.

Akina mama mtanirekebisha nikikosea. Omena huvuliwa usiku wa giza. Hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi huelea na taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na samaki wakishakusanyika chini ya taa, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa taa, na taa ya mvuvi haivuti kitu. Tena kuna miezi ya kufungwa: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai hairuhusiwi kumvua, apate kuzaana. Kwa hiyo yule anayefika ufuoni alfajiri, mashua inapotia nanga, amengojewa kwa muda mrefu. Na tangu afike, saa zake zinahesabika. Mbuta atawekwa barafu apelekwe kiwandani. Ngege atauzwa mbichi au atakaangwa. Omena ni wa jua. Anatandazwa kwenye nyavu kuukuu, tandiko jembamba, anageuzwa, anageuzwa tena, na jua likiwa kali jioni unamzoa akilia kama majani makavu.

Nikiwa darasa la sita nilikaa likizo moja kwa shangazi yangu, mchuuzi wa omena. Siku moja alikuwa ametandaza ndoo sita. Mchana, wingu likaanza kujikusanya upande wa milima ya Nandi. Lilikuwa mbali, jeusi chini na jeupe juu. Mimi niliona. Shangazi pia aliona. Lakini siku hiyo kulikuwa na chama, wanawake walikuwa wakipeana pesa zao za zamu, na zamu ilikuwa yake. Akaniambia, "Naenda mara moja, narudi sasa hivi." Wingu lilitembea polepole sana. Niliweza kwenda kumwita. Sikwenda, kwa sababu alisema anarudi sasa hivi. Mvua ilipoanguka tulizoa kwa mikono, kwa vipande vya maboksi, kwa leso. Kesho yake jua lilitoka zuri ajabu, tukatandaza upya, lakini kufikia saa sita nzi walikuwa wameshatoa hukumu. Wanunuzi walipita, wakainama, wakainuka, wakaenda zao.

Ninachokumbuka kuliko harufu ni maneno ya majirani. Hakuna aliyeilaumu mvua. Mvua ya mchana Kisumu haimshangazi mtu. Walisema tu kwamba wingu lilionekana. Shangazi naye hakujitetea. Alikaa kwenye kigoda mbele ya zile ndoo sita, mikono magotini, akitazama.

Sasa turudi kwenye neno. Walimu, tuchukue chaki. Ki-me-mw-oz-e-a. Vipande sita, na kila kimoja kina kazi.

Ki- ndiyo ngeli, lakini si ngeli tu. Samaki ni kiumbe. Tunasema samaki ameoza, si samaki imeoza. Kifaru na kiboko wana ki- katika majina yao na bado tunasema kifaru amelala, kiboko amezama. Kwa nini basi kidagaa kimeoza, wala si kidagaa ameoza? Kwa sababu hii ni ki- ya kudunisha, kama tunavyosema kitoto kinalia, kibwana kile kinajidai. Dagaa tayari ni mdogo. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia sokoni, inabeba maelfu, hakuna anayewahesabu. Ukimtoa mmoja kati ya maelfu hayo ukamwita kidagaa, umekishusha mpaka pale ambapo lugha inakinyima hata heshima ya uhai. Kimebaki kitu. Na kitu hicho ndicho kinachomwangusha mtu mzima. Sokoni tumezoea kusikia kwamba dagaa wanakamatwa na papa wanaachwa. Anwani hii inaligeuza jambo lile: dagaa ndiye anayemkamata papa.

-me- inasema imekwisha. Anwani haikuandikwa kinamwozea wala kitamwozea. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, ungali umeshika jalada, uozo umeshatokea. Wahusika hawajui bado; wewe umeshaambiwa. Ndivyo ilivyo pia ufuoni. Uozo huanza mapema, na harufu hufika baadaye.

Mzizi -oz- sina haja ya kuueleza, upo ndani ya gazeti hili.

Tuje kwenye -e-. Herufi moja, na kwangu mimi ndiyo moyo wa anwani nzima. Hii ni kauli ya kutendea, ile ile ya somea, pikia, lalia. Hapa imekuwa -e- kwa sababu ya irabu o iliyo katika mzizi. Tunaizoea ikileta fadhila: amenipikia, amenishonea, ameniandikia. Lakini ina upande wa pili. Gari limeniharibikia njiani. Mume amemfia. Kutokana na kufia tumepata kufiwa, neno ambalo nadhani ni miongoni mwa maneno yenye huruma kubwa katika Kiswahili: aliyekufa ni mmoja, anayebebeshwa kifo ni mwingine, na lugha inamtambua huyo wa pili. Basi kimeoza ni habari ya samaki. Kimemwozea ni habari ya mtu. Samaki kaoza, lakini hasara imempata mwenyewe.

Nikifika hapa wanafunzi huniuliza swali zuri sana. Mwalimu, kama mume amemfia hakuna lawama ndani yake, mbona kidagaa kimemwozea kina lawama? Kiambishi si ni kile kile? Ni kile kile. Nililibeba swali hilo miaka mingi, na hilo ndilo ningemuuliza Walibora. Jibu langu ni kwamba lawama haimo katika sarufi. Sarufi inaonyesha tu hasara imeangukia kwa nani. Lawama imo ndani ya samaki. Mauti hayampi mtu muda. Kidagaa kinakupa. Kinakupa asubuhi nzima, kinakupa jua, kinakuonyesha na wingu likitoka Nandi. Kikikuozea, kila aliyekaa ufuoni anajua kwamba ulikuwa na saa mkononi na ukazitumia kwa jambo jingine. Ndiyo maana majirani wa shangazi hawakuitaja mvua.

Ukiisoma riwaya ukiwa na hilo akilini, utaona saa hizo kila mahali. Chukua Mtemi Nasaba Bora. Amejaa mambo makubwa: cheo, mashamba ya watu, majivuno ya ukoo, hofu aliyoitia Sokomoko nzima, eneo analolitawala. Lakini kitu kinachoanza kunuka ni kidogo, kitoto kichanga alichozaa nje na Lowela, kikaachwa mlangoni pa Amani, kijana anayemchungia ng'ombe. Ilitosha kusema, "Ni wangu." Maneno mawili. Siku zilikuwepo za kuyasema, na kwa kila siku aliyonyamaza, wengine ndio waliolipa, kwanza Amani na mwenzake Imani, na mtoto mwenyewe kabla ya wote.

Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, ndiye anayenikosesha usingizi. Mtu mwenye kipaji, msomi, mlevi, amepata jina kubwa kwa riwaya ambayo hakuiandika. Alimwibia Amani mswada. Na riwaya hiyo ndani ya riwaya inaitwaje? Kidagaa Kimemwozea. Nataka mlifikirie hilo polepole. Mwizi ameiba kitabu ambacho jalada lake linamsema. Kila alipolitaja jina la kitabu chake kwa fahari, kila alipopigiwa makofi, alikuwa akitamka hukumu yake kwa kinywa chake. Mimi sijui hila nyingine ya anwani katika riwaya zetu inayofikia hii. Katama Mkangi alitupa riwaya ya Walenisi, yaani wale ni sisi, nayo ni hila nzuri mno. Lakini hii ya Walibora ni anwani inayotoka kwenye jalada, inaingia ndani ya hadithi, inaibiwa, inaozea mikononi mwa mwizi, kisha inarudi kwenye jalada tulilolishika sisi.

Bado kiambishi kimoja, -mw-. Nani huyo? Walioaibika ni wawili, ndugu wa damu. Ingeweza kuwa Kidagaa Kimewaozea. Haikuwa hivyo. Darasani tumekuwa tukijibu haraka kwamba -mw- ni Mtemi, halafu tunaongeza "na pia Majisifu", kana kwamba wanagawana. Mimi nasoma umoja ule kama ulivyoandikwa. Omena wanaweza kuwa wa wote, mashua ya wote, chama cha wote, lakini kinapooza kinamwozea mmoja mmoja. Aibu ya Mtemi haikumpunguzia nduguye hata chembe ya yake.

Hayo ndiyo ya kitabuni. Sasa matumizi, maana msemo huu umetoka shuleni ukaingia mitaani, nami nina neno kwa wanahabari na kwa wanafunzi wanaoandika insha.

Magazetini na redioni msemo huu unatumika karibu kila wiki. Mbunge kashindwa kesi: kidagaa kimemwozea. Kocha kafutwa: kidagaa kimemwozea. Mwizi wa kuku kakamatwa na kuku kwapani: kidagaa kimemwozea. Nyingi ya hizo ni sawa kabisa na hunipa furaha, kwa sababu ni dalili kwamba fasihi imekuwa hai, haikufia kwenye karatasi ya mtihani. Kocha, nina shaka naye kidogo. Kushindwa mchezo si kuoza.

Lakini siku moja nikiwa ndani ya matatu kutoka Busia nilisikia mtangazaji akieleza habari za mafuriko ya Budalang'i. Mto Nzoia ulikuwa umevunja kingo, watu wako juu ya tuta na magodoro yao na mbuzi wao. Akasema, kwa sauti nzuri ya mtu anayejivunia Kiswahili chake, kwamba kidagaa kimewaozea wakazi wa Budalang'i. Nilitamani kuingia ndani ya ile redio. Ndugu yangu, watu wale hawakuozewa na kitu. Wamepatwa, wamefikwa, wamekumbwa, wamefiwa. Kiswahili kina maneno tele ya mtu aliyeonewa na maji au na serikali. Ukimpa mkulima aliyezolewa mahindi yake msemo wa kidagaa, umemhukumu. Umesema alikuwa na saa mkononi akazichezea. Vivyo hivyo msichana aliyedhulumiwa, mgonjwa, mfanyakazi aliyepunguzwa kazini bila kosa. Wahariri, tafadhali, kabla ya kulitoa neno hili jiulizeni jambo moja tu: mtu huyu aliliona wingu?

Wanafunzi nanyi, msiimwage tu kwenye insha kama chumvi. Na msiichanganye na methali ya samaki mmoja akioza huoza wote. Ile inasema uozo unaambukiza kapu zima. Hii inasema uozo una mwenyewe. Methali inayoikaribia zaidi ni la kuvunda halina ubani: ufukize udi wa namna gani, harufu itapita. Majisifu alifukiza sana.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu matumizi, nimeliona kwa miaka yote hii. Msemo huu hutumiwa katika nafsi ya tatu. Kimemwozea. Kimewaozea. Katika ugomvi unaweza kusikia kimekuozea. Kimeniozea ni adimu sana. Sarufi haikatazi, kiambishi -ni- kipo pale pale kikisubiri. Ni ulimi unaokataa.

Nitalisema leo, ndiyo sababu hasa nilikubali mwaliko huu.

Miaka mingi kabla ya riwaya hii kutoka, nilifundisha katika shule moja ya wasichana magharibi mwa hapa. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hamu ya kujulikana. Tulikuwa tukijiandaa kwa tamasha la muziki, kundi la kukariri shairi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari la hesabu. Kwenye kurasa za nyuma, kwa penseli, alikuwa ameandika shairi kuhusu bibi yake na kisima. Beti saba. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye baraza ya ofisi ya walimu na nikasahau kengele. Nilibadilisha maneno matatu. Kisha kwenye fomu ya kujiandikisha, mahali palipoandikwa mtunzi, nikaandika jina langu. Nilijiambia ndivyo inavyofanyika, mwalimu ndiye anayesajili. Nilijiambia nitarekebisha.

Shairi lile lilifika ngazi ya mkoa. Nilipewa cheti, kikatundikwa ukutani. Nihesabu saa nilizopewa? Siku ya kujaza fomu. Siku ya mashindano ya kwanza, tulipokuwa tukirudi usiku kwenye basi na wasichana wanaimba. Siku cheti kilipokuja. Siku mkuu wa shule aliponisifu gwaride la asubuhi, na yule msichana amesimama pale mstarini na wenzake, mikono nyuma. Halafu miaka yote miwili iliyobaki mpaka alipomaliza kidato cha nne. Jua liliwaka lote hilo. Sikukosa jua.

Baadaye nikahamia shule nyingine, na Kidagaa ikaja kuwa kitabu cha mtihani. Tulipofika pale Majisifu anapojulikana, mwanafunzi mmoja, mvulana mpole asiyeuliza mara kwa mara, akainua mkono. "Mwalimu, alikuwa na miaka yote hiyo. Mbona hakuurudisha?" Nilifunga kitabu nikasema tutaendelea kesho. Darasa lilidhani ninaumwa.

Ilinichukua muda kumpata yule msichana. Ni mama wa watoto sasa, anafanya kazi Kakamega. Tulikutana kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, nikampa cheti ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwambia, "Mwanangu, kidagaa kimeniozea." Hakuniambia pole, na sikuistahili. Alisema, "Nilijua, Mwalimu. Nilikuwa mstari wa pili, nikikariri maneno yangu." Cheti hakukitazama. Alichotaka kujua ni kwa nini nilibadilisha yale maneno matatu. Alikuwa anayakumbuka yote. Ubeti wa tatu, alisema, uliandika chungu. Bibi yangu hakuwa na chungu cha kutekea maji, alikuwa na kibuyu, tena kimefungwa kwa kamba kwa sababu kilikuwa na ufa. Nikakumbuka nilikitoa kibuyu kwa kuwa niliona chungu kinapatana zaidi na vina. Hakikupatana zaidi. Nilitaka tu niwe nimetia kitu changu.

Mnaona mama aliyekaa safu ya tatu karibu na dirisha, mwenye leso ya kijani. Aliniomba nisitaje jina lake, atalitaja mwenyewe. Shairi amelirudisha kama alivyoliandika kwa penseli, kibuyu kimo. Dakika tano zilizobaki ni zake. Naomba apewe kipaza sauti.